Mgonjwa Wetu wa Mguu

Kwa siku mbili na nusu yule mbwa alikuwa wangu. Nilimpata Mariakani kwa muuza machungwa aliyekuwa na watoto wa mbwa sita ndani ya boksi la sabuni, nikamtia kapuni, nikamleta Kisauni kwa mama yangu. Nikasema, "Nishikie wiki mbili tu, nikipata chumba nitamfuata." Kisha nikapanda basi la Lamu, nilikoitiwa kazi ya kuwapikia mafundi wa ujenzi. Ikapita miaka kumi na miwili. Vyumba nilipata, tena vingi: Lamu, Voi, Lodwar, Taveta, hata Mtwara miezi minane. Mbwa sikumfuata.

Mama hakuwahi kunigombeza kwa hilo. Kila nilipoingia na begi langu aliniuliza tu kama zile wiki mbili zimekwisha, halafu akanimiminia chai.

Jina la mbwa silitaji. Mama alimpa jina la shemeji yake mmoja ambaye hawakupatana, na shemeji huyo yu hai, tena anajua kusoma.

Alikuwa mbwa wa kawaida, rangi ya chapati iliyosahauliwa jikoni, sikio moja limesimama na jingine limechoka. Kazi zake alizijua. Asubuhi alikaa mbele ya mbuzi ya nazi kungojea machicha. Saa nne alimtukana muuza maji na mkokoteni wake tangu mwanzo wa uchochoro hadi mwisho. Mchana alilala mlangoni ili kila mtu amruke. Na siku nilipoondoka alinisindikiza mpaka stejini, akakaa kitako hadi gari liondoke, kisha akarudi nyumbani peke yake. Mama alisema anakwenda kuhakikisha nimeondoka kweli.

Mwaka juzi nilikuwa Taveta nikiuza mitumba. Mama si mtu wa kupiga simu, yeye hubipu. Siku hiyo simu ikaita mara ya pili na ya tatu, nikajua kuna jambo. Akasema, "Njoo umwone mbwa wako. Mguu umemvimba."

Nikaona ajabu. Miaka yote alipokuwa mzima alikuwa mbwa wake, na leo kaugua, amerudi kuwa wangu. Nikafunga nguo za siku tatu.

Nilipofika niliukuta mguu wa mbele wa kulia umevimba juu ya kifundo kana kwamba amemeza kiazi kikapotea njia. Mama alikuwa ameshaukanda kwa mafuta ya nazi na karafuu, kwa maelekezo ya mzee jirani, Mwislamu mwenye miaka themanini na kitu, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiongea na mbwa wetu kupitia juu ya ukuta bila kumgusa hata kidogo, kwa kuchunga udhu wake. Nikamsalimia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba, akaniambia wallahi ule si uvimbe wa kuteguka, mpelekeni kwa mwenye kujua.

Mwenye kujua alikuwa Mkomani, na kufika Mkomani na mbwa mgonjwa ni kazi. Dereva wa kwanza wa tuktuk alisema ametoka kutawadha. Wa pili alisema viti vyake vipya. Wa tatu aliuliza kama anauma, na mbwa akamjibu mwenyewe. Tukabaki tumesimama pale uchochoroni mpaka muuza maji akapita, akatutazama, akashusha mitungi yake yote ya maji mbele ya lango letu, akatandika gunia. Ndivyo mbwa alivyokwenda hospitali, amelala juu ya mkokoteni alioutukana maisha yake yote, akisukumwa na mtu aliyemtukana maisha yake yote, na njia nzima uso wake aliugeuza upande mwingine.

Daktari wa mifugo alikuwa msichana wa bara, mpole, mwenye mikono ya haraka. Alimpiga mbwa picha, akaiweka kwenye taa. Ule mfupa ulikuwa umeliwa kama fremu ya mlango iliyoingiwa na mchwa, na mama ndiye aliyesema hivyo, akauliza kwa nini usitolewe. Daktari akasema angeukata mguu ule siku ile ile, mbwa wanaishi vizuri tu na mitatu, lakini picha ya kifua ilionyesha ugonjwa umeshahamia huko. Ni saratani ya mfupa. Kuponya haiwezekani. Kinachowezekana ni kumtuliza, ili siku alizobakiza aziishi bila maumivu. Zilikuwa wiki kadhaa, labda miezi michache.

Akatupa masharti. Vidonge asubuhi na jioni pamoja na chakula. Tusimpe dawa za watu, hata moja, zitamuua. Asiruke, asitembee mbali, kwa sababu mfupa ule unaweza kuvunjika hivi hivi. Na kila jioni tujiulize: leo amekula? Amelala vizuri? Amefanya lolote analolipenda? Siku ikiwa nzuri tuweke tiki kwenye kalenda, ikiwa mbaya tuweke mkasi, ile alama ya X. Mikasi ikianza kuzishinda tiki, tumpigie. Tusingoje mpaka alie, alisema, mbwa hulia akiwa ameshachelewa.

Mama akauliza, "Nawe ukipigiwa, waja kufanya nini?"

Daktari akamweleza, kwa upole, kuhusu sindano. Mama akashukuru, akajifunga kanga vizuri. Tulirudi tukitembea kando ya mkokoteni mpaka tukakaribia nyumbani. "Huyo daktari," akasema, "hatumpigii."

Kwa hiyo siku tatu zangu zikawa wiki, kwa sababu mama ana miaka sabini na miwili na vidonge vile vilikuwa vita. Nilificha kidonge ndani ya mahamri; akala mahamri, akakiweka kidonge sakafuni, safi, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Nikakificha kwenye ugali, kwenye dagaa, kwenye ndizi. Nikamfumbua mdomo nikakisukuma mpaka kooni, nikamfunga, nikamkanda shingo kama daktari alivyonifunza. Akameza. Akanilamba. Akaondoka taratibu hadi nyuma ya pipa, akakitema huko. Mwishowe tulichoshinda nacho ni maini ya ng'ombe, na hayo nayo kwa ujanja: vipande vitatu mfululizo, kidonge kikiwa cha katikati, mama akijifanya anataka kumnyang'anya. Ilitubidi tuigize mara mbili kwa siku. Mzee jirani alikuwa akija ukutani kutazama kama watu wanavyokwenda sinema.

Dawa zilifanya kazi. Mbwa akaanza tena kukaa mbele ya mbuzi ya nazi. Shida ilikuwa muuza maji. Saa nne mkokoteni ulipita, mbwa akainua kichwa, akautazama, akalala. Nikasema hii ni dalili mbaya, kitu alichokipenda kuliko vyote amekiacha, niweke mkasi. Mama akakataa. Alisema huo si ugonjwa, hiyo ni adabu: huwezi kumtukana mtu aliyekupeleka hospitali. Tukabishana hadi chai ikapoa. Tukaamua kumwondoa muuza maji kwenye hesabu.

Kalenda yenyewe ilikuwa ya parokia, imetundikwa jikoni, na tiki zake zilikuwa nzuri mno. Mwezi wa kwanza sikushuku. Kisha Alhamisi moja asubuhi nikakuta Ijumaa imeshawekwa tiki. Na Jumamosi. Nilimwuliza mama, akasema kalamu ilikuwa karibu kuisha wino, akaona aitumie. Mimi nami sikuwa na uso wa kumhukumu. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimepiga magoti uani nikimbwekea mbwa ili anijibu niandike kwamba amebweka.

Jambo la jumuiya ndilo lililotuaibisha. Mama ni mwanachama wa jumuiya ya pale mtaani, wanawake wanaokutana kila Jumamosi nyumba hadi nyumba kusali. Wakati wa maombi kila mmoja hutaja shida yake. Siku hiyo mwenzake mmoja alikuwa ametaja mjukuu aliyelazwa, mwingine mume asiye na kazi, zamu ikamfikia mama. Akaona haya kusema mbwa. Akasema ana mgonjwa nyumbani, mguu, na madaktari wamekata tamaa.

Wale wanawake wakapiga hesabu zao. Kwa mama kulikuwa na nani? Binti. Binti ambaye kwa miaka ishirini hajawahi kulala nyumbani zaidi ya wiki, na sasa ana mwezi mzima, wala kanisani haonekani. Na kwetu mgonjwa hatazamwi kwa simu. Jumapili baada ya misa wakaja tisa, na sukari, unga, mfuko wa machungwa, wakianzia wimbo langoni.

Mama aliingia chumbani mwangu mbio. "Lala kitandani. Nyosha mguu."

"Mguu upi?"

"Wowote."

Nina miaka arobaini na minne. Nimewahi kulala juu ya magunia ya vitunguu kutoka Taveta hadi Mwatate bila kuona haya. Lakini pale kitandani, kanga imenifunika kiuno na wanawake tisa wamenizunguka, nilitamani sakafu ipasuke. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele, akauliza panapouma, nikagusa goti. Wakaweka mikono, wakasali. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama madaktari wamezungumzia kuukata. Mama akasema walitaka, ila ugonjwa umeshafika kifuani. Alisema kweli tupu, kila neno, na hilo ndilo lililonitisha. Wakaanza kufuta machozi.

Kisha bibi mmoja aliyenifundisha katekisimu zamani akanishika mkono. "Mwanangu, umezunguka sana," akasema. "Sasa pumzika. Tuko hapa."

Nililia. Sikuwa naigiza. Mpaka leo sijui nilikuwa namlilia mbwa au zile nyumba zote nilizohama. Wao walipoona machozi wakaongeza wimbo.

Baada ya hapo ikanibidi nichechemee. Wiki nzima, kila nilipotoka kwenda dukani, nilivuta mguu kwa heshima ya mama. Mzee jirani alinitazama siku moja kutoka ukutani kwake, akaniita. "Mjukuu," akasema, "jana ulichechemea wa kulia, leo wa kushoto. Huo ugonjwa unahama?" Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akatoka ndani kumletea maji.

Wanawake walirudi Jumapili ya pili na chungu cha supu ya makongoro, kwa ajili ya mifupa yangu. Tulikuwa tumekaa sebuleni, mimi na mguu wangu juu ya stuli, mbwa akaingia. Alikuja kwa mitatu, taratibu, wa nne ameukunja, umefungwa bendeji na mama, akapita katikati ya magoti yote yale na kwenda kulala miguuni pa mwenyekiti, karibu na chungu. Mwenyekiti akaitazama bendeji. Akautazama mguu wangu. Akamtazama mama kwa muda mrefu.

"Mama, mgonjwa hapa ni yupi?"

Mama akasema, "Ni huyo aliyelala. Huyo mwingine mzima, anajifanya kwa sababu yangu."

Nilishusha mguu kutoka kwenye stuli polepole, nisizidishe. Mwenyekiti akavuta pumzi, akasema wao walikuja kumwona mgonjwa, na mgonjwa wamemwona. Akaomba bakuli. Akaipoza ile supu kwa kupuliza yeye mwenyewe, akaichuja mifupa, akammiminia. Mbwa akainywa yote. Walipoondoka, yule wa katekisimu alinifinya mkono kwa nguvu za mtu anayedai machozi yake.

Wiki ya saba miguu yangu ikaanza kuwasha. Sijui kuielezea hali hiyo kwa mtu asiye nayo. Nikisikia honi ya basi la masafa nasimama bila kujua. Kutoka Taveta mwenzangu alinipigia kusema kuna mtu anakitazama kibanda changu. Lakini kibanda kilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuona siku mbaya zikija, na sikutaka kuwapo. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Mbwa amelala mlangoni. Nikafunga begi, nikamruka, nikafunga lango taratibu kama mwizi.

Nilikuwa nimepita duka la pili niliposikia kucha kwenye kokoto. Hatua tatu, kimya, hatua tatu. Lile lango letu halijawahi kufunga vizuri. Nikamwambia arudi. Akakaa. Nikaenda, akaja. Nikamkemea, akageuka pembeni kwa heshima mpaka nimalize, kisha akaendelea. Alinisindikiza hadi stejini, mwendo wote ule aliokatazwa, na tulipofika akakaa kitako mahali pake pale pale, ulimi nje, mguu ameuning'iniza, akingojea nipande.

Gari lilikuwa linaita abiria. Kondakta akauliza kama napanda. Mbwa naye alikuwa anauliza hilo hilo. Nikaona kwamba nikipanda, atageuka na kurudi peke yake kwa mguu ule.

Nilimbeba. Kilo ishirini na kitu, begi mgongoni, jua la saa saba. Nilipumzika mara nne, na kila nilipopumzika alijaribu kushuka atembee. Mama alikuwa amesharudi, amesimama langoni na kikapu. Aliliona begi. Hakuuliza habari za wiki mbili.

Kesho yake mbwa hakuinuka. Mguu haukuvunjika, lakini ukipeleka tu mkono karibu anavuta midomo nyuma. Machicha hakuyagusa. Maini aliyanusa, akafumba macho. Daktari alituelekeza kwa simu tuongeze dawa, tukaongeza, akalala, na alipoamka alikuwa anatetemeka. Siku ya pili ikawa vile vile. Jioni mama akaenda kwenye kalenda, akaweka tiki.

"Mama, hakula."

"Alilamba."

"Alilamba mkono wako."

"Mkono ulikuwa na machicha."

Nikachukua kalamu mkononi mwake. Nikaweka mkasi juu ya ile tiki, na mkasi mwingine juu ya jana. Mama alinitazama kama hanijui.

"Mimi nimemlea miaka kumi na miwili," akasema. "Wewe ulimlea siku mbili na nusu, na juzi umemtembeza hadi stejini. Iweje kalamu uishike wewe?"

"Kwa sababu ni mbwa wangu. Ulisema mwenyewe kwenye simu. Basi deni la kuamua ni langu, si lako."

Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Akamtazama mbwa, na mbwa akamtazama. Mwishowe akasema, "Mwambie aje asubuhi. Na umwambie aje na sindano nzuri, si zile za ng'ombe."

Asubuhi mama alikaanga maini, sahani nzima, bila kidonge hata kimoja. Dawa ya usiku ilikuwa imempa nafuu kidogo, akakubali kipande. Akakitafuna kwa mashaka. Akakitafuta kidonge, upande huu, upande ule, akatutazama. Akachukua cha pili, akakikagua vile vile. Cha tatu akakimeza bila kutafuna. Alikula vitano, na daktari akamngoja amalize.

Uani, juu ya mkeka, mama alimpakata kichwa na mimi nikaushika mguu wa kuchomwa, ule mzima. Mzee jirani alisimama ukutani, kofia mkononi. Daktari akasema atasinzia kwanza, hatasikia kitu. Mama akamwinamia sikioni, lile lililosimama.

"Haya, baba. Zamu imekwisha, kalale."

Ilikuwa haraka kuliko nilivyoogopa.

Shimo alilichimba muuza maji, hakuitwa, alikuja na jembe. Mzee jirani alisimamia kutoka juu ya ukuta, kwa kuwa ujanani alichimba visima, na hakuridhika na kitu: kina hakitoshi, kuta zimepinda, udongo unawekwa upande usiofaa. Muuza maji akamwambia, "Mzee, shuka basi uchimbe wewe." Mzee akasema udhu, mwanangu, udhu, na akaendelea kuelekeza. Tulimzika kwenye gunia na kanga ya mama, mpya kabisa, ambayo mimi nilikuwa nimeiombaomba tangu nifike.

Wote walipokwenda tulikaa jikoni. Nilikuwa nangojea anilaumu, kwa ile safari ya stejini au kwa kalamu. Alimimina chai, akaisukuma kwangu, akatazama ukutani.

"Ulifanya vyema," akasema. "Mimi ningeendelea kuweka tiki mpaka Krismasi, naye anatetemeka tu."

Nikanywa chai. Baadaye akasimama, akayaona machicha ya jana bado yamo kwenye bakuli, akauliza kwa sauti, bila kumlenga mtu, sasa haya tunampa nani.

Kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ya mzee ikasema kuku wake hawajala tangu asubuhi.